Fidla, Chelo na Vugo: Shajara ya Mradi, Lamu 2025

Shajara hii naiandika kwa yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii kwao, awe Pate, Malindi au Tanga. Mradi wenyewe ni kipande kimoja cha muziki, kama dakika 12 hivi, ambamo fidla mbili na chelo zinapiga pamoja na vugo (pembe ambazo wanawake huzigonga kwa vigongo harusini), zumari na ngoma za Lamu. Fidla ya kwanza napiga mimi. Nilijifunza kwa sikio katika taarabu kabla sijaijua nota hata moja, na ndiyo sababu jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi: nimeishi pande zote mbili, na kila upande nimesikia ukiusema vibaya mwenziwe. Nitaongeza habari kila hatua ikikamilika, na gharama zote nitaziandika, kwa kuwa mimi nilipotafuta mtu wa kuniambia kazi hii inakula kiasi gani sikumpata.

Januari 12, 2025. Watu na vyombo

Kikundi cha vugo ni cha shangazi yangu wa mtaa wa Langoni. Wako akina mama sita, kila mmoja na pembe yake na kigongo chake. Zumari anapiga mzee mmoja ambaye ameongoza maharusi tangu mimi sijazaliwa. Ngoma ni mbili, vumi ile kubwa yenye sauti nzito na chapuo ndogo, pamoja na upatu, sahani ya shaba ya kugonga. Kutoka Mombasa nimepata vijana wawili wanaosoma nota vizuri, mmoja wa fidla ya pili na mmoja wa chelo. Chelo yenyewe ni ya kuazima.

Vikao vitatu vya kuelewana vilimalizika kwa kahawa na halua. KSh 3,200.

Februari 9. Kunasa sauti, na kosa langu la kwanza

Tuko Shaabani, mwezi wa harusi. Kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani, kwa hiyo kikundi hakina jioni tupu. Nilikwenda nao mara nne, nikakaa pembeni na simu, nikanasa nyimbo saba. Kikundi nililipa KSh 12,000 na mzee wa zumari KSh 5,000.

Kisha nikakosea, na kosa lenyewe nitalieleza kirefu kwa sababu ndilo lililokaribia kuuvunja mradi. Usiku uleule, kwa furaha, nilimtumia kijana wa chelo nyimbo zote saba kwa WhatsApp ili aanze kuzizoea. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilidhani kukubali kunaswa ndiko kukubali kusambazwa.

Shangazi alipojua hakupaza sauti. Aliniketisha akaniambia, "Mwanangu, wimbo wa nne ule ni wa nyumba. Mwenye kuimbiwa yu hai, na wajukuu wake wako Mombasa." Wimbo wenyewe ni wa mafumbo, na mimi niliusikiliza mapigo tu, maneno yakanipita. Mtu wa Lamu angeusikia mara moja angejua ni nani anayesemwa.

Nilifuta, nikamwomba kijana naye afute, kisha nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale akina mama sita kuwataka radhi. Siku kadhaa hakuna aliyeshika pembe mbele yangu. Waliporudi walirudi na masharti matatu, nami nikayaandika tukatia sahihi wote: hakuna picha ya video, sauti haitoki katika simu yangu mpaka kikundi kiwe kimeusikiliza wimbo na kuukubali mmoja mmoja, na popote kipande kitakapopigwa, jina la kikundi litatangulia langu. Katika nyimbo saba walinipa tatu. Tatu hizo zimetosha.

Anayetaka kuiga kazi hii aanze na karatasi hiyo kabla hajashika simu.

Gharama hadi hapa: KSh 20,200.

Februari 23. Mazoezi ya kwanza: zumari na fidla hazisikizani

Vijana walifika kwa basi hadi Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu. Chelo tuliilipia kiti chake, maana kuilaza katika buti la basi ni kuitafutia kifo. Viti vitatu kwenda na kurudi ni KSh 9,600. Boti ya kukodi, ili chelo isibanwe na magunia wala isirushiwe maji ya chumvi, KSh 3,000. Chakula cha siku tatu KSh 4,500.

Nilikuwa nimeandika ukurasa wa kwanza vizuri sana, kwa maoni yangu ya siku ile. Fidla na chelo zilikazwa sawasawa kwa kipimo cha kawaida cha dunia, nota ya La kwenye Hz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Mzee akapuliza. Vijana walinitazama, nami nikatazama chini.

Programu ya kupimia sauti katika simu ilionyesha nota ambayo zumari yake inatulia, ile niliyoiandika La, iko karibu Hz 427. Hiyo ni katikati kabisa ya La na nota iliyo chini yake kwenye piano. Na nota ya tatu kupanda kutoka hapo haikuwa ndogo wala kubwa kwa hesabu ya piano. Ilikaa baina yake, kama ile ya kati anayoijua mpigaji udi yeyote aliyezoea maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rast au Sika.

Nikafanya jambo ambalo sasa nalionea aibu. Nilimuuliza mzee kama anaweza kuipandisha kidogo. Alijaribu kwa adabu. Alibana kilimi, kile kipande cha kupulizia, kwa midomo, akapuliza kwa nguvu, sauti ikapanda kwa nota mbili halafu ikapasuka. Akaiteremsha zumari akasema, "Mimi na hii tumezeeka pamoja. Matundu yake hayasogei. Nyuzi zenu zina masikio ya kuzungusha, zungusheni."

Tulizungusha. Ilichukua dakika kumi. Tuliacha simu, tukamwomba ashike nota yake ya kutulia, tukateremsha nyuzi zote mpaka zikakutana naye. Ile nota ya kati vijana waliitafuta kwa kidole, na kwenye fidla na chelo inapatikana, kwa kuwa mkono wa vyombo hivi hauna vigawanyo vya kukuzuia. Hata udi uko hivyo. Waarabu walipoichukua fidla waliibadili nyuzi zake hasa: badala ya Sol, Re, La, Mi ya Ulaya, wengi wao huifunga Sol, Re, Sol, Re. Chombo chenyewe kimeumbwa kwa kusogea, nami nilikuwa nakifanya kisimame kama piano na kumtaka aliyechongwa kwa mti ndiye asogee.

Kanuni tuliyoifuata tangu siku hiyo: anayeweza kusogea ndiye anayesogea. Nyuzi zinamfuata mzee.

Angalizo moja la kiufundi. Siku ya pili mzee alikuja na kilimi kipya na sauti ikapanda hadi kama Hz 433. Kwa hiyo usiandike kipimo popote ukakitegemea. Sauti inachukuliwa upya kila siku, kutoka kwake, baada ya kilimi kulowana vizuri.

Gharama hadi hapa: KSh 37,300.

Machi 3. Ramadhani

Ngoma zimelala. Mchana naandika, usiku baada ya tarawehe naandika tena.

Nota ya kati nilihangaika nayo kwenye karatasi, maana alama za kawaida zina nusu toni tu. Nilichokichukua ni njia ya mtunzi Béla Bartók wa Hungaria. Yeye na mwenzake Zoltán Kodály walizunguka vijijini na fonografu ya nta, mashine ya zamani ya kunasa sauti, na mwaka 1906 walichapisha nyimbo 20 za wanavijiji walizoziwekea piano. Bartók alipoandika nyimbo za vijijini, pale mwimbaji aliposhuka au kupanda kidogo kuliko nota ya piano, alitia mshale mdogo juu ya nota. Hakumsahihisha mwimbaji. Nami nimetia mishale. Vijana wanaielewa bila maelezo.

Kuna bwana mmoja ninayemheshimu aliniambia msikitini kwamba nachanganya maji na mafuta. Nilimjibu kwa taarabu, kwani ndiyo anayoipenda. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na muziki wa ikulu ya Kiarabu ukaingia mjini. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanza mwaka 1905. Kisha Siti binti Saad akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Leo taarabu ya pwani hii ina mapigo ya ngoma za chakacha, kumbwaya na vugo ndani yake, na hakuna anayeona ajabu. Aliniombea heri, lakini sidhani nilimshawishi.

Aprili 20. Chelo yafunguka

Mfungo mosi, na masika yamekaza. Vijana walirudi. Chelo ilipotolewa katika mkoba wake tulikuta ubao wa mbele umeachana na ubavu, mwanya wenye urefu wa kama shubiri moja. Ilikuwa haijaanguka. Ni unyevu na joto la safari.

Hapa nilikimbilia kwa fundi seremala hodari, mchonga milango, naye akafanya kama afanyavyo kwa mlango. Alitia gundi nyeupe ya mbao, akabana kwa jiriwa, akasema kesho itakuwa imara kuliko ilivyokuwa. Kweli ilikuwa imara, na hilo ndilo tatizo. Chelo na fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa maji ya moto. Ubao ukivuta unyevu na kutanuka, gundi inaachia kabla mbao haijapasuka. Yaani ule mwanya uliotutisha ulikuwa umeiokoa chelo. Ukiziba kwa gundi isiyoachia, mara ya pili utapasuka ubao wenyewe, na ubao uliopasuka ni msiba.

Nililijua hilo usiku, nilipompigia simu mtengenezaji wa fidla. Asubuhi na mapema tukaenda kuinasua. Kwa bahati ilikuwa haijakauka ndani. Fundi aliikwangua taratibu kwa kisu chembamba na kitambaa cha maji vuguvugu, kazi ya saa nne, na hakulalamika hata mara moja. Gundi ya ngozi iliagizwa Mombasa ikafika baada ya siku tano. Huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto la kama nyuzi 60. Usiichemshe, inapoteza nguvu. Jiriwa tulizitia vipande vya mkeka wa kijiji cha Matondoni ili zisiume mbao.

Vijana walikuwa wamekwisha kuondoka bila mazoezi kamili. Tangu hapo chelo inakaa Lamu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nimeiweka chumba cha ndani kabisa, mbali na ukuta. Nyuzi hulegezwa kidogo isipopigwa, na upinde hufunguliwa kila baada ya kazi, maana singa zake hurefuka unyevu ukizidi, na ukiuacha umekazwa unapinda.

Safari KSh 9,800, gundi KSh 2,300, fundi KSh 2,500. Hadi hapa: KSh 51,900.

Juni 22. Nilikuwa nahesabu kutoka mahali pasipo

Siku tano za mazoezi, za kwanza zenye kila mtu.

Wimbo wa pili ulikataa. Vijana walipiga walichokiona, akina mama walipiga wanachokijua, na kila mzunguko tuligongana mahali palepale. Nilidhani ni haraka, tukapunguza mwendo. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu vugo ikipunguzwa mwendo inaanguka. Nikadhani ni vijana, nikawapa sehemu rahisi. Bado.

Siku ya tatu shangazi alinyanyuka akaja kusimama nyuma yangu, akaitazama karatasi ambayo haisomi, akaniuliza, "Wimbo unaanzia wapi hapa?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akanitaka nimwimbie kutoka pale. Nikaimba, wote wakacheka, nami nikasikia kosa langu kwa masikio yangu.

Kiitikio cha wimbo huu kinasema, "Bwana harusi, ndoo." Ndoo kwetu ni njoo. Vumi hupiga kwa nguvu kuliko kote kwenye "ndo", nami nikasikia lile pigo zito nikalifanya ndilo la kwanza, nikachora mstari wa hesabu, ule unaoonyesha mzunguko unapoanzia, kabla yake. Kumbe wanaoimba wanaanza na "bwa". Pigo zito la vumi ni la mwisho, linaufunga mzunguko. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeugawa mzunguko katika sita, na wao wanakwenda nane: bwa-na-ha, ru-si, ndo-o na pumzi moja. Tatu, mbili, tatu. Vigongo vinaangukia kwenye silabi zenye mkazo, basi. Lugha yenyewe ndiyo inayoshika mwendo.

Nilitaka kuwaeleza vijana kwa hesabu. Shangazi akanikatiza: "Usihisabu. Tamka." Akawasimamisha, akawatoa fidla na chelo mikononi, akawapa kila mmoja pembe na kigongo. Walitamka na kugonga nusu saa nzima. Waliporudi kwenye nyuzi, wimbo ulikaa mara ya kwanza.

Nimeandika upya wimbo huo wote, na chini ya kila sehemu ya nyuzi nimetia maneno, kama karatasi ya mwimbaji. Kijana wa chelo haimbi lakini anasema upinde wake unageuka vizuri akiyasoma kimoyomoyo. Ushauri wangu kwa mwenye kuandika ngoma kwa nota: andika maneno kwanza, kisha mapigo juu ya maneno, na mstari wa hesabu uwe wa mwisho kabisa. Mwonyeshe mwenye ngoma pale ulipouweka. Atajua hata kama hajui kusoma.

Jambo la pili la wiki hii ni pumzi. Mzee hapumziki. Anajaza hewa mashavuni, anavuta kwa pua huku mashavu yakiendelea kupuliza, na sauti haikatiki dakika nzima. Chelo ikishika nota ndefu chini yake, kila upinde unapogeuka unasikia kijikato, na chini ya zumari kijikato hicho kinatoboka kama tundu katika tanga. Tulipanga fidla ya pili na chelo zishike nota ileile na zisigeuze upinde wakati mmoja. Nimeweka alama kwenye kila karatasi. Nyuzi mbili za fidla zilikatika kwa kukazwa na kulegezwa kila siku. Nilinunua seti kamili na ya akiba.

Safari sasa ni KSh 7,000, kwa kuwa chelo haisafiri. Chakula KSh 6,000, nyuzi KSh 3,400. Hadi hapa: KSh 68,300.

Agosti 16. Nyumba

Tatizo lililobaki lilikuwa ukubwa wa sauti. Zumari imefanywa kwa ajili ya njia na watu. Ukiiweka chumba kimoja na fidla mbili, fidla zinapotea. Vipaza sauti sikutaka: vingepaza zumari pamoja nazo, na umeme wetu una siku zake.

Kulikuwa na suala jingine ambalo akina mama walilisema tangu mwanzo. Hawatasimama mbele ya wanaume wasiowajua kutazamwa.

Yote mawili yalitatuliwa na nyumba. Jamaa yetu wa mtaa wa Mkomani ana nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, kiwanda, yaani ua, wazi katikati, kisha kumbi mbili ndefu zinazofuatana, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), na chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu. Nyuzi na ngoma tuliziweka kiwandani. Akina mama walikaa msana wa tini, pazia limeteremshwa, na pembe zao zilipita pazia bila shida. Wageni wanawake walikuwa ndani zaidi pamoja nao, wanaume barazani na kwenye kiwanda. Mzee tulimweka nje dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, nyuma ya mlango na ile kona ya tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na sauti yake ikaingia imelainika, kama harusi inayokuja kutoka mtaa wa pili.

Jaribio la kwanza lilishindikana, maana mzee hakutuona. Tulimweka mtoto mlangoni ainue mkono, mtoto akasinzia. Mwishowe mzee mwenyewe alisema anaisikia vumi kupitia ukutani kwa mgongo wake. Tukaisogeza vumi karibu na ukuta wa tekani, naye akaegemea upande wa pili. Hakuchelewa tena.

Tulipiga jana baada ya isha, kusi ikivuma juu ya kiwanda. Karatasi za nota zilibanwa kwa vibanio vya nguo. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda kama tulivyozifanyia mazoezi. Katika wa tatu, mzee aliongeza mzunguko ambao haumo popote, akina mama wakamfuata bila kusita, nami nikaona vijana wawili wameacha karatasi, macho yamefungwa, midomo inatamka. Fidla ya pili ilikosa nota moja ya kati, ikaipata. Jina la kikundi lilitajwa kwanza, kama tulivyoandikiana.

Safari KSh 7,000. Kikundi KSh 12,000. Mzee KSh 5,000. Wapiga ngoma KSh 4,000. Kahawa, mahamri na chakula cha wageni KSh 9,500. Jumla ya mradi mzima: KSh 105,800. Kama nusu ni akiba yangu, iliyobaki ni michango ya jamaa.

Karatasi za nyimbo zote tatu ziko tayari, pamoja na maneno, mishale na alama za upinde. Nakala moja nimempa shangazi. Anayezitaka amwombe yeye, si mimi. Kabla sijaondoka leo asubuhi aliniuliza kama ile chelo inaweza kukaa hapa mpaka Rajabu, kwa sababu kuna harusi ya mjukuu na akina mama wameipenda sauti yake ya chini.